Kamera Ilipokwenda Kuchuma Uyoga

Kile kitu kilikuwa kinalala nikitoa jicho, kinaamka nikilirudisha. Nilifanya hivyo mara nyingi, jicho ndani, jicho nje, mpaka mjukuu wangu akaanza kucheka. Nikamwambia asinicheke, namkagua mgeni.

Ilikuwa asubuhi ya mvua za kwanza, hapa kwetu Itetemia. Mjukuu wangu ni mpiga picha. Ana chumba chake cha kazi Gongoni, anapiga harusi, maulidi, mahafali ya watoto, na picha ndogo za vitambulisho siku ambazo hakuna anayeoa. Kamera hii haikuwa yake. Mwenye duka mmoja wa mjini alimpa aitumie kwa muda, kisha amweleze kweli kama ni kitu cha kuagiza au cha kurudisha kilikotoka. Yeye alikwisha kwenda nayo harusini, akaona uzuri wake na ubaya wake. Sasa alitaka jicho ambalo halijazoea kamera.

"Ndiyo ukaona uje kwangu," nikamwambia.

"Bibi, wewe husifu kitu bure. Hata ubwabwa wa harusi yangu ulisema hauna chumvi."

"Haukuwa na chumvi."

Basi akanieleza. Kamera yake ya zamani ina kioo ndani. Ukichungulia unaiona dunia yenyewe, imepiga kwenye kioo ikaja jichoni mwako, na ukibonyeza, kile kioo kinaruka kwa kelele hata shehe akiwa katikati ya dua anageuza shingo. Hii mpya haina kioo. Pale pa kuchungulia wameweka televisheni ndogo, ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na unachokiona si dunia, ni picha ya dunia inayotengenezwa hapo hapo ukiitazama. Ukibonyeza, kimya. Bibi harusi hajui kama amepigwa.

Mimi niliishia darasa la nne, mambo ya vyombo siyajui, lakini macho yangu ni mazima. Nikaielekeza kamera kwenye mlango wa jiko. Jiko letu ni la udongo, halina dirisha, na siku ya mawingu ukisimama uani huoni ndani ila giza. Ndani ya kile kidude jiko lilikuwa limeangazwa. Niliona mafiga. Niliona chungu cha maharage kimeinamishwa, na kapu la michembe, viazi vyetu tulivyokata na kuanika kiangazi, na juu ya michembe paka amelala mahali nilipomkataza. Nikatoa jicho: giza. Nikarudisha: paka. Hapakuwa na taa yoyote. Ilikuwa nuru isiyotoka popote, kama ile tunayoonea mambo usingizini, ambako mtu haulizi jua liko wapi.

Nikazunguka ua mzima namna hiyo, taratibu. Nikigeuka haraka, picha inabaki nyuma kidogo, halafu inakuja mbio kunifikia. Mpapai uliteleza, ukayumba, ndipo ukasimama mahali pake.

"Hilo ndilo watu wanalolalamikia," mjukuu akasema. "Inachelewa. Ni kasoro."

"Siyo kasoro. Na mimi nachelewa."

"Mmekwisha nisahau na kamera yenu," sauti ikatoka barazani. "Huyo paka yuko juu ya michembe?"

"Yuko juu ya michembe," nikajibu.

"Nilimsikia anapanda."

Huyo ni mke mwenzangu. Nitamwita mwenzangu, ndivyo ninavyomwita. Mume wetu alifariki zamani na sisi tukabaki. Watu waliotujua tukiwa vijana walidhani tutagawana ua siku ya arobaini, wengine walikuja kabisa kutazama. Hatukugawana. Mimi ni mtu wa mjini, nimezaliwa Chemchem. Mababu zangu walikuja na misafara kutoka ng'ambo ya ziwa, wakachoka walipofika Tabora, wakakaa. Yeye ni Mnyamwezi wa huku huku, wa kando ya njia hiyo hiyo ya misafara, na ndiye aliyenifundisha kulima karanga, kukausha viazi na kuchuma uyoga. Mimi nimemfundisha kupika pilau na kunyamaza. Pilau alishika.

Macho yake yameharibiwa na presha ya macho. Daktari alisema kilichopotea hakirudi, matone anayotia ni ya kulinda kilichobaki. Kilichobaki ni tundu. Ananiambia ni kama kuchungulia kwenye mwanzi: anaiona pua yangu, akitaka sikio analitafuta, akilipata pua imepotea. Kwa hiyo ndoo anaigonga, mlango anaugonga, na mwaka jana aliungua mkono kwa uji aliokuwa akiuona vizuri kabisa, isipokuwa hakuona ukingo wa sufuria.

Mwanawe yuko Kigoma, anafanya kazi bandarini. Ni mtoto mwema, sina la kumsema. Tangu mkono ule uungue amekuwa akipiga simu. Chumba kipo, mkewe yuko tayari, upepo wa ziwa ni mzuri. Mama yake hataki. Siku moja simuni, kwa kiburi, nikiwa nimekaa ubavuni mwake, alimwambia: "Siku nikishindwa kuchuma uyoga, njoo unichukue." Mwana akalishika neno hilo. Sasa mvua zilikuwa zimeanza na alikwisha tuma habari kwamba anakuja kumtazama mama. Hakusema kumtazama nini. Sisi tulijua.

Na mimi sikutaka aende. Nalisema hapa wazi kwa sababu siku zile sikumwambia mtu. Nilikuwa napita uani nikijisikia kama nyumba iliyokwisha tolewa mlango.

Basi nikamwelekezea mwenzangu kamera, pale alipokaa barazani anabambua karanga. Kikatokea kisanduku cha kijani, chembamba kama uzi. Kikatangatanga usoni pake, kikapita kwenye paji, kikashuka, kikatua juu ya jicho lake la kushoto na kutulia. Nikauliza ni nini. Mjukuu akasema kamera hii inatafuta jicho la mtu, ikilipata hailiachi, hata mtu akitembea inatembea nalo. Nikatazama kile kisanduku kimekaa juu ya jicho lile, jicho ambalo ndilo bovu zaidi. Hakikujua. Kilimpa heshima ile ile ambayo kingempa bibi harusi.

"Sasa mpe yeye," nikasema.

"Nipewe nione nini, mimi?" mwenzangu akasema. "Mpe paka."

Lakini mjukuu alikuwa amekwisha fungua mkoba. Alikuwa na lenzi nyingine, fupi, pana, ambayo hukusanya mahali pakubwa pakaingia mahali padogo. Huitumia ukumbini akitaka wageni wote waonekane. Akaiweka. Akamsogelea bibi yake mdogo, akamwekea kamera jichoni, akawa anazungusha kigurudumu kidogo cha pembeni, kile cha kulinganisha na macho ya kila mtu. "Sema ikikaa sawa, bibi mdogo." Akazungusha. Akazungusha. Kisha mwenzangu akaushika mkono wake, akauzuia.

Akaishika kamera mwenyewe, kwa mikono miwili.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Subiri."

Kuku walipita. Mawingu yalifunguka kidogo, ua ukawa wa njano, ukafunga tena.

"Ua wote umo," akasema hatimaye, polepole, kama mtu anayeongea asiamshe mtoto. "Jiko, na mpapai, na banda la kuku. Vyote pamoja. Na wewe umo, bi mkubwa. Mzima, na miguu."

"Miguu ninayo siku zote."

"Umekuwa mfupi."

"Ni hiyo lenzi."

"Siyo lenzi. Na hilo gauni uliniambia umelitupa."

Mjukuu alicheka mpaka akakaa chini. "Na mimi, bibi mdogo, unanionaje?"

"Wewe mke mwenzetu umenenepa. Mume wetu angefurahi."

Wajukuu wa kike tunawaita wake wenza, kwa kuwa babu yao alikuwa akiwaita wake zake, na utani huo haukuzikwa naye.

Mchana ule mwenzangu alitembea uani na kamera jichoni, mkono wa pili begani kwangu. Walioiunda ile kamera hawakumfikiria mtu kama yeye, mjukuu alisema hivyo, ni bahati tu kwamba tundu lake na dirisha la kamera vimelingana. Mimi sikujali waliwaza nini. Tulikwenda hatua ndogo, kama maharusi wanaoingizwa. Tulipofika kwenye mpapai aliniachia bega. Akaenda peke yake mpaka jikoni, akainama mlangoni kabla hajagonga kichwa, akaingia, na nikasikia paka anafukuzwa.

Alipotoka alisema, "Kesho tunakwenda vichuguuni."

*

Tulitoka kumekwisha pambazuka, na ukungu ulikuwa bado chini. Njia ya kwenda vichuguuni inashika kwa kipande ile njia ya misafara, inayoelekea Ujiji. Katikati imezama kwa miguu ya watu waliopita, na pembeni imesimama miembe yake mikubwa, mingine imekufa na bado imesimama. Mwenzangu alitangulia na kamera jichoni. Mjukuu alifuata na betri za akiba mfukoni, maana kitu kile kinakula betri kama mgonjwa aliyepata nafuu. Mimi nilikuwa nyuma na kapu.

"Unaona nini, bibi mdogo?"

"Naona njia inakokwenda," akasema. "Miaka yote hii nilikuwa naona pa kuweka mguu tu."

Tulipopumzika nami niliitazama. Ndani ya kamera ukungu ulikuwa mweupe kuliko ulivyokuwa, na udongo mwekundu ulikuwa umelowa na kung'aa, na njia ikaonekana kana kwamba watu wengi wameipita sasa hivi, mizigo kichwani, na mimi nimechelewa kidogo tu. Ningeongeza mwendo ningewaona migongo. Nilitoa jicho nikakuta njia ni ile ile ya siku zote, na mavi ya mbuzi. Nikamrudishia kamera yake.

Uyoga wa kichuguu hutoka mvua zikianza, mweupe, mwingine mpana kama sahani. Mwenzangu ana namna yake ya kuuchuma na kila mwanamke wa hapa anaijua. Hupiga magoti, anaweka mikono yote miwili, anazamisha vidole kwenye udongo kulizunguka shina, anashuka nalo. Uyoga wa kweli wa kichuguu una mzizi mrefu unaoingia mpaka ndani kabisa, kwenye nyumba ya mchwa. Anaufuata mzizi huo kwa vidole mpaka unapokuwa mwembamba kama mkia wa panya, ndipo anauvuta. Hutazama mbali akifanya hivyo. Hata alipokuwa na macho yake alikuwa akitazama mbali.

Siku ile alikuwa na mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umeshika kamera. "Ule pale," anasema, anakwenda moja kwa moja, anainama, anavunja shina, anauweka kapuni. "Na ule." Anavunja. Alikuwa akicheka peke yake. Mjukuu alikuwa anampiga picha kwa simu, kamera ikiwa kwa bibi. Nyenje walilia, mwanga uliingia kati ya miti kwa vipande, na mwenzangu akawa anapita kwenye vipande hivyo, anaonekana, anapotea, anaonekana, mwepesi kama msichana. Kapu lilijaa mapema kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka. Nilirudi nimelibeba na nilikuwa na furaha ambayo hata sasa sijui niiweke wapi.

Nyumbani tukaukunjua mkeka, tukamwaga uyoga kwenye ungo. Sasa lazima nieleze desturi ya nyumba hii. Ilikuwa ya mama mkwe wetu. Anayechambua uyoga ndiye anayekula wa kwanza, peke yake, kisha anakwenda kuswali. Akimaliza kuswali akatoa salamu akiwa mzima, ndipo wengine wananawa mikono. Najua, nimeambiwa hospitali, kuna sumu inayosubiri mpaka kesho yake. Mama mkwe hakwenda hospitali kuuliza. Aliweka desturi ili anayechambua asichambue kwa mchezo, na mwenzangu ndiye amechambua siku zote tangu mama mkwe afariki.

Akakaa mbele ya ungo, kamera jichoni. Anauinua uyoga, anautazama juu, anautazama chini kwenye mikunjo ya kofia, anauweka upande wa kula. Mwingine. Mwingine. Wote ulikwenda upande wa kula.

Mimi nilikuwa nimesimama. Nikauona.

Kuna uyoga wa majanini, huota hata karibu na kichuguu, unafanana na ule wa kula kama ndugu. Ukikomaa, mikunjo ya chini ya kofia inakuwa na ukijani kidogo, rangi ya maji yaliyolala kwenye mtungi. Huo unatapisha na kuharisha mpaka mtu anaomba afe, na watoto wamekufa nao. Ulikuwa pale kwenye ungo, upande wa kula, kofia imelala chini na ukijani uko juu mbele yangu. Mwenzangu alikuwa ameutazama kabisa kwa ile kamera. Nilimwona akiutazama.

Nikahesabu niliyonayo. Ningeweza kuinama kama ninayeokota jani, nikautia kwenye kanga. Angepika, angekula, angeswali, tungekula. Mwana angekuja angeambiwa mama amechuma kapu zima. Hakuna ambaye angejua, na mwenzangu angebaki. Nikaona pia siku nyingine, mimi nikiwa msibani au nimelala na homa, na yeye peke yake na kapu na kamera yake, akiwa na furaha.

"Huo wa mkono wako wa kulia," nikasema. "Hauna mzizi."

"Wote hauna mzizi, nimeuvunja."

"Uguse ulipovunjika. Hauna, haujakuwa nao."

Aliushika. Aliupapasa chini, mahali ambapo shina la uyoga wa kweli huanza kuwa jembamba kushuka. Huo uliishia kwa kitako cha mviringo. Akaunusa. Mjukuu akawa ameinama naye, akausogeza mwangani, akasema kwa sauti ndogo kwamba kwa macho ni wa kijani kabisa. Akaichukua kamera akachungulia, akabonyeza vitu, akachungulia tena. Kisha akaeleza, na alikuwa karibu kulia. Aliiacha kwenye rangi za harusini, zile zinazopendezesha ngozi za watu ukumbini. Inapaka kila kitu udhahabu kidogo. Ukijani hafifu unageuka maziwa.

"Siyo kosa lako," mwenzangu akamwambia. "Mkono wangu ulikuwa wapi?"



Aliusukuma ungo mzima mbali naye, na uyoga mzuri ukiwemo. "Mpe kuku udongo, huu ukauzike," akaniambia, na maneno yake yalikuwa yameanza kuchanganyika kwa uchungu. Kisha akasema kwa lugha ya kwao, taratibu, maneno ambayo hata baada ya miaka yote hii siyafahamu, akaingia chumbani kwake.

Nilichimba shimo nyuma ya banda. Mjukuu alinisaidia. Aliniuliza amwambie nini mwenye duka.

Nikamwambia amwambie hivi: ni kitu kizuri. Gizani kinaona kuliko mimi. Hakipigi kelele, mashehe watakishukuru. Jicho la mtu kinalipata na kulishika. Lakini kinakuonyesha kile ambacho mtu alikwisha kukiambia kipende, na hakikwambii. Na kinataka mkono. Mwenye mikono ya akiba anunue.

"Na bibi mdogo, yeye anasemaje?"

"Bibi mdogo amekwisha kuambia."

*

Mwana alifika kwa treni ya kutoka Kigoma, na begi dogo. "Shikamoo mama mkubwa." "Marahaba baba." Alinitazama usoni kutafuta habari, sikumpa. Mama yake ndiye aliyempa, kabla hata hajanywa maji. Alimweleza yote, kamera na kapu na ule wa kijani, hakujipunguzia. Alisema, "Nilisema nikishindwa unichukue. Nimeshindwa mara moja. Kesho nakwenda bila kamera. Twende wote, ukaone mwenyewe, halafu useme."

Yule kijana, ambaye ana mvi, akasema, "Mama, mimi sikuja kukufanyia mtihani."

"Umekuja kufanya nini?"

Akanywa maji yake.

Asubuhi tulikwenda. Mwana alivaa viatu vya ofisini, vikajaa tope tangu kwenye miembe. Mimi nilikuwa mbele safari hii, mwenzangu ameshika ncha ya kanga yangu. Sikumwonyesha uyoga. Nilimwonyesha vichuguu tu, nikamwachia. Alipiga magoti kwenye udongo uliolowa, akaweka mikono yote miwili, akatafuta kwa viganja kama mtu anayetandika kitanda gizani. Akikuta kofia haishiki. Anashuka pembeni yake, vidole vinazama, anatulia hapo, uso ameuelekeza kwenye miti, anasikiliza kwa vidole. Mwingine aliuacha. "Huu hauendi kokote," alisema, akaupita. Nilikwenda kuutazama chini ya kofia. Mwana naye alikuja kuutazama. Ulikuwa na ukijani.

Ilichukua muda. Ukungu uliondoka, jua likaja, mwana akakaa juu ya shina lililoanguka na viatu vyake mkononi, akawa anamtazama mama yake anatambaa kutoka kichuguu hadi kichuguu, mchafu mpaka kwenye viwiko. Kapu halikufika hata nusu.

Niliupika mimi kwa karanga za kutwanga. Uyoga wote ulitosha bakuli moja. Nikamwekea mwenzangu mbele, na ugali. Alinawa. Akala, bila haraka, tonge baada ya tonge, na sisi tumekaa pembeni mikono mapajani. Ilikuwa alasiri na mwanga ulikuwa umelala uani kama kitu kilichomwagika. Alipotosheka alinawa, akatia udhu, akaingia chumbani na kutandika msala wake. Kupitia pazia nilimwona akiinuka na kuinama. Pazia lilikuwa linacheza kwa upepo na kila likifunguka nilimkuta mahali pengine: amesimama, ameinama, amesujudu. Aliposujudu alikaa sana. Nikamwona mwana anaanza kusimama. Nikamshika mkono, akakaa.

Kisha tukasikia salamu, kulia, na kushoto.

Alipotoka alikaa alipokuwa amekaa. Mwana aliangalia bakuli, kisha akaniangalia mimi, kisha akajivuta kwenye mkeka, akalivuta birika, akanawa mikono. Alikula kama mtu aliyetoka safari. Alikula mpaka akapangusa bakuli kwa tonge la mwisho.

"Chumvi imezidi, mama mkubwa," akasema.

"Nimemwambia miaka yote," mwenzangu akasema.

Kigoma haikutajwa. Siku iliyofuata mwana alikwenda mjini akarudi na kamba ya katani, nene. Alipigilia vigingi, akaifunga kutoka mlango wa mama yake mpaka jikoni, kutoka jikoni mpaka chooni, kwa usawa wa kiuno, na karibu na kila mlango akaweka fundo ili mkono ujue umefika. Mwenzangu alimtukana wakati wote wa kazi hiyo. Alisema yeye siyo mbuzi. Mwana akasema ndiyo mama, akaendelea kukaza.

Aliondoka peke yake. Stesheni aliniambia kwamba macho hayo yataendelea kupungua, na siku tundu likiziba kabisa atarudi, na siku hiyo hatatazama uyoga. Nikamwambia siku hiyo atukute sote wawili, atuchukue sote au atuache sote. Alicheka, akidhani natania.

Mchana mwenzangu haigusi kamba ile, mbele yangu hata kidogo. Lakini mimi huamka mapema. Msimu huu asubuhi ukungu unaingia mpaka uani, jiko halionekani, mpapai hauonekani, na mimi nikiwa nimekaa mlangoni na kahawa naiona kamba inatikisika kidogo kwenye weupe ule. Inatulia. Inatikisika tena, karibu zaidi. Nakiweka kikombe chini bila kelele. Nangoja mpaka afike kwenye fundo.